Harith wa Thamesmead, Kiongozi wa Sent Osmund

Siku walipotua London, Sheikha alimtaka mumewe ahadi moja tu: siasa isiingie tena nyumbani kwao. Alilitoa sharti hilo wakiwa bado uwanja wa ndege, kabla hata hawajachukua mizigo, na Harith akakubali bila kubisha. Alikuwa na sababu. Huko Pemba alikuwa mwalimu wa jiografia kwenye skuli moja ya Wete, akafukuzwa kazi kwa ajili ya kofia. Ilikuwa kofia ya chama, aliyopewa bure mkutanoni, naye akaivaa kwa kuwa jua lilikuwa kali. Baada ya kofia yakafuata mengine yasiyosimulika mezani, hata akajikuta yeye, Sheikha na binti yao mchanga wako Thamesmead, ghorofa ya tatu, wakitazama ziwa lililochimbwa na watu na bata wasiokuwa na wasiwasi wowote duniani.

Ahadi aliitunza. Walipomwalika kwenye mikutano ya Wazanzibari kule Barking alisema yuko kazini, hata siku ambazo hakuwa kazini. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza ukumbi wa jumuiya huko Stratford: kufungua milango, kupanga viti, kufagia, kufunga. Ukumbi ule ulikodiwa na watu wa kila namna. Jumatatu walikuja wacheza karate, Alhamisi wanawake waliotaka kupungua, Jumapili walokole wa Kikongo na magitaa yao. Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi likaja tawi la London la Chama cha Umoja na Bandari.

Chama hicho ndicho kilichokuwa kikitawala Sent Osmund, kisiwa kidogo cha Karibi kilicho chini ya Uingereza. Harith, pamoja na jiografia yake yote, hakuwahi kukisikia. Kwa jinsi alivyokuja kuelewa, Gavana aliyetumwa kutoka London ndiye aliyeshika polisi, mahakama na mambo ya nje, na chama kikaachiwa yaliyobaki, yaani barabara, mbuzi wanaozurura, na bandari iliyoahidiwa tangu chama kilipoundwa na ambayo hakuna aliyekuwa na haraka nayo. Tawi la London lilikuwa na wanachama saba, wote wazee, wauguzi wastaafu na makondakta wastaafu wa mabasi. Katiba ya chama ilisema wasipotimia saba mkutano haufunguliwi. Kwa hiyo mmoja wao alipohamia Leeds kuishi na binti yake, waliobaki walikaa wakitazamana, chai ikipoa.

Mwenyekiti, Mzee Alford, akamtupia jicho Harith aliyekuwa akipanga viti.

"Bwana Harith," akamwambia, "wewe si mtu wa kisiwani?"

"Mtu wa kisiwani, ndiyo."

"Basi kaa."

Harith akakaa. Alidhani anasaidia tu, kama mtu anayeombwa ashike ncha ya kamba wakati mwenzake anapima chumba. Wenzake walipoinua mikono, naye aliinua. Mwisho wa mkutano wakampa kadi ya buluu yenye picha ya meli, wakampigia makofi. Kadi aliificha ndani ya kopo tupu la kahawa pale ukumbini, maana nyumbani hapakuwa na pembe ambayo Sheikha haifagii.

Mwaka ukapita, ukaingia wa 2003, na Harith akajikuta anazingojea Jumamosi zile. Hakuna aliyepaza sauti. Walijadili rangi ya mabenchi ya kituo cha afya kana kwamba ni mkataba wa amani, wakila biskuti za tangawizi, na kura ikishapigwa walioshindwa walisema "haya" na kuulizia basi la kurudia nyumbani. Alikuwa hajawahi kuona siasa ya namna hiyo. Alijiambia kwamba kitu kisichoumiza namna ile hakiwezi kuwa siasa, na kwa hiyo ahadi yake kwa Sheikha bado haijavunjika.

Kisha mkuu wa serikali ya Sent Osmund akatangaza kwamba anastaafu ili akafuge mbuzi, na ikakibidi chama kitafute kiongozi mwingine.

Wagombea walikuwa wawili. Bi Lila alikuwa waziri wa ujenzi, mwanamke mwembamba aliyezungumza haraka. Bwana Linus alikuwa waziri wa uvuvi, mtu wa kifua kipana na sauti ya kwaya. Walichogombania kilikuwa taa ya barabarani. Kisiwa kizima kilikuwa na taa moja tu ya kuongozea magari, kwenye njia panda ya sokoni, na Lila ndiye aliyeiweka. Linus alitaka ing'olewe. Ndugu walinuniana kwa ajili ya taa ile, na harusi moja ikaahirishwa. Mkutano mkuu ukapiga kura na kura zikawa sawa kwa sawa. Wakahesabu tena mchana kutwa, zikabaki sawa. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kuisoma katiba, iliyoandikwa miaka ya sitini ndani ya chumba cha kupanga huko Stratford na makondakta wale wale. Katiba ilisema kura zikilingana, tawi la London ndilo litakaloamua.

Mzee Alford akaliitisha tawi. Watatu walikuwa na undugu na Lila, watatu na Linus. Mikono mitatu ikaenda juu, ikashuka, mingine mitatu ikaenda juu. Kisha wazee wote sita wakageuza vichwa wakamtazama Harith.

"Nipeni wiki moja," Harith akasema, kwa kuwa hakupata neno jingine.

Hilo lilikuwa kosa. Katika wiki ile wagombea wote wawili walipanda ndege.

Sasa, nyumbani Thamesmead, Sheikha alikuwa na yake. Ukuta wa bafuni ulikuwa umeota ukungu mweusi, na kwa miezi alikuwa akiwapigia simu watu wa council, wenye jengo lile, wakimwambia kwamba afisa atakuja. Alhamisi ile alikuwa ametoka kazini kwake, kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Abbey Wood, hajavua hata viatu, mlango ukagongwa. Akafungua. Hapo mlangoni amesimama bwana mkubwa mwenye suti nyepesi, anatetemeka kwa baridi, ameshika chupa ya pilipili.

"Nimekuja kwa ajili ya Bwana Harith," akasema yule bwana. "Mimi ni waziri."

Sheikha hakusikia neno la mwisho, au alilisikia na kuona kwamba kwa jinsi alivyokuwa amelalamika, si ajabu wamemtuma mkubwa. "Umechelewa," akamwambia. "Njoo huku uone."

Akampeleka bafuni. Linus, aliyekuwa ameshinda chaguzi tano kwa kukubali kuoneshwa vitu, akautazama ukungu kwa makini. Akaugusa kwa kidole. Akauliza umekuwapo tangu lini, na kama mtoto anakohoa.

"Jambo hili halikubaliki," akasema. "Nitalishughulikia mimi mwenyewe."

Alipokuwa bado bafuni, mlango ukagongwa tena. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye koti la mvua.

"Na wewe pia umetoka kule?" Sheikha akamuuliza.

"Nimetoka kule," akasema Bi Lila, "na safari ilikuwa ndefu."

Sheikha akampeleka bafuni naye. Wagombea wawili wa Sent Osmund wakakutana pale, baina ya sinki na mashine ya kufulia, kila mmoja akidhani mwenzake amemtangulia kwa hila. Lila akatazama ukungu, akatazama bomba, akasema ukuta ule kosa lake liko nje na yeye anaweza kuutengeneza ndani ya siku chache, wakati wengine wanatoa ahadi tu. Linus akasema kwamba ahadi ni bora kuliko taa. Lila akamwambia asimletee habari za taa bafuni kwa watu. Sheikha akauliza kwani wao si watu wa council, nao wakamweleza wametoka wapi na wamemfuata Harith kwa lipi. Hapo ndipo Harith alipoingia kutoka kazini, akawakuta watatu wamesimama msalani, na mkewe katikati.

"Harith," Sheikha akasema, "hawa watu wanasema wewe ndiye unayewachagulia serikali."

"Ilitokea kwa bahati mbaya."

"Chai ndiyo humwagika kwa bahati mbaya, Harith. Kuchagua serikali si kumwaga chai."

Hakusema zaidi mbele ya wageni, kwa sababu wageni ni wageni. Aliwakaribisha sebuleni, akapika wali na mchuzi wa samaki kwa hasira, na hasira ikaupa mchuzi ladha ambayo Linus aliisifia mpaka akachota tena. Binti yao, Hayat, sasa mtoto wa skuli, akaja kukaa kusikiliza. Hayat alisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, kwa hiyo jioni ile, wageni wakizungumza Kiingereza, kwa mara ya kwanza alijiona mwenyeji kuliko wazazi wake.

"Nielezeni hiyo taa," Sheikha akasema. "Magari mnayo mangapi?"

"Ya kutosha," Lila akasema. "Shangazi yangu aligongwa na lori la barafu."

"Lori lilikuwa limesimama," Linus akasema kwa upole. "Shangazi ndiye aliyeligonga."

"Lisingesimama pale kama kungekuwa na taa."

Linus akaweka kijiko chini. "Mama, zamani pale njia panda mtu akifika alisimama. Akamwona mwenzake. Wakasalimiana, wakaulizana habari za wagonjwa, mmoja akampisha mwingine. Sasa kila mtu anatazama juu. Jirani yangu alifiwa na mama yake nikajua baada ya mwezi, kwa sababu kila nikikutana naye taa ni ya kijani."

Wageni walipomaliza kula, Lila akaandika namba ya fundi anayemjua, na Linus akakunja mikono ya shati akaenda kuosha vyombo. Kisha wakatoka pamoja kulitafuta basi, wakigombana ngazi zote tatu.

Sheikha akafunga mlango. "Uliniahidi," akasema, akaingia chumbani, na hakumsemesha hadi Jumamosi.

Jumamosi ukumbi ulijaa watu tisa: wanachama saba na wagombea wawili, waliokaa ukutani bila haki ya kupiga kura. Mzee Alford akampa Harith nafasi. Harith akasimama, mikono ikishikilia mgongo wa kiti alichokipanga mwenyewe asubuhi.

"Siwezi," akasema. "Kwetu palikuwa na maduka mawili yanayotazamana. Wa chama hiki hawakununua hata kiberiti kwa wa chama kile. Mtu alikufa mtaani kwetu, na majirani wa chama cha pili hawakwenda kumzika. Mimi nilikuwa mmoja wa wasiokwenda. Alinifundisha kuogelea, yule mtu. Sasa mnaniambia niinue mkono, nusu ya kisiwa ifurahi na nusu ilie. Msichimbiane makaburi kwa ajili yangu."

Wazee wakatazamana. Mzee Alford akakohoa.

"Bwana Harith," akasema, "makaburi yote ya Sent Osmund anayachimba Linus. Yeye ndiye mwenye sururu."

"Hata kaburi la mama yangu alilichimba yeye," Lila akasema kutoka ukutani. "Hilo halina ubishi. Tunazungumzia taa."

Hapo akaamka Bi Josée. Bi Josée alikuwa mkunga mstaafu mwenye umri ambao hakuna aliyeuliza, na kwa desturi alilala tangu mkutano ulipofunguliwa mpaka biskuti zilipofika. Akanyoosha fimbo yake.

"Huyu hana binamu," akasema.

"Nani, Bi Josée?"

"Huyu wa viti. Mimi nimewazalisha nusu ya watu wa kisiwa kile na najua nani ni nani. Huyu hana binamu hata mmoja. Mchagueni yeye."

Mara ya kwanza walidhani bado anaota. Kisha kila mmoja akaanza kulifikiri neno lile, na Harith akaona kwa macho yake likiwaingia, mmoja baada ya mwingine. Kila kiongozi wa chama alikuwa ameshutumiwa kwa kupendelea binamu zake, na kila aliyeshutumu alikuwa binamu pia. Kiongozi asiye na binamu kilikuwa kitu walichokitafuta tangu chama kuundwa.

"Mimi ni mgeni," Harith akasema.

"Katiba inataka kadi," Mzee Alford akasema. "Unayo kadi?"

"Imo kwenye kopo la kahawa."

"Basi unayo."

"Sijawahi kufika huko hata siku moja."

"Ndiyo maana hujaharibu kitu," Bi Josée akasema.

Mikono sita ikainuka. Lila na Linus, waliokuwa hawana kura, wakainua yao pia, kila mmoja kwa kuona kwamba ni heri huyu kuliko yule. Harith hakuinua wake, lakini hakuna aliyeuhitaji. Hivyo ndivyo mtunza ukumbi kutoka Wete alivyokuwa kiongozi wa chama kinachotawala Sent Osmund. Kazi yake ya kwanza, kwa mujibu wa katiba, ilikuwa kumwambia Gavana ni mbunge yupi aunde serikali. Mpaka atakapomwambia, kisiwa hakikuwa na mkubwa mwingine ila yeye.

Alipofika nyumbani, simu ilikuwa inalia. Ilikuwa redio ya kisiwa, na alikuwa tayari yuko hewani. Mtangazaji alimpongeza, akamuuliza anasemaje kuhusu mbuzi wanaozurura.

"Kwetu mbuzi hufungwa kamba," Harith akajibu.

Hakuwa na nia yoyote. Lakini kabla Sheikha hajaivisha chai, redio ikapiga tena kusema kwamba wafuga mbuzi wameandamana mjini kupinga kamba, na kwamba anayewaongoza ni yule mkuu wa serikali aliyestaafu. Harith akaeleza msimamo wake upya. Akasema kamba inaweza kuwa ndefu. Waandamanaji wakatulia, wakarudi nyumbani wakiimba.

Baadaye akapiga kijana mmoja kutoka ofisi ya serikali ya Uingereza inayosimamia visiwa vya mbali. Alitaka kujua jina la Mheshimiwa linaandikwaje, na kama Mheshimiwa ana nia ya kutangaza uhuru. Harith, ambaye maombi yake mwenyewe ya uraia wa Uingereza yalikuwa yamekaa mwaka wa pili bila jibu, akasema haraka kwamba hana nia hiyo kabisa. Kijana akamshukuru, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyenyimwa kitu.

Jumapili habari ilikuwa imeshafika Barking. Aliyeifikisha ni Vuai, rafiki wa Harith tangu skuli, dereva wa teksi, ambaye hakuna habari iliyowahi kumlalia moyoni. Adhuhuri ngazi za Thamesmead zilikuwa zimejaa watu. Vuai mwenyewe alitaka ubalozi.

"Ubalozi wa wapi?" Harith akamuuliza.

"Wa hapa hapa London. Watoto wako skuli, sitaki kuhama."

Zulfikar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisikia habari ya bandari, akaja na mfuko wa saruji begani ili kuonesha mfano. Bridget, muuguzi Mkenya aliyefanya kazi na Sheikha, aliuliza kwa aibu kidogo kama wanahitaji wauguzi, na kama huko kuna joto, maana magoti yake yamechoka na baridi ya watu. Mzee mmoja wa Chake Chake hakutaka kitu. Alikaa kitako kwenye zulia, akamtazama Harith kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mtu wetu anatawala mahali," akaomba maji.

Alasiri akapiga kaka yake kutoka Wete, Sultan. Sultan alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi na hakuwa mtu wa maneno.

"Wanasema umechaguliwa."

"Nimechaguliwa, kaka."

"Na nani?"

"Wazee sita."

"Wakahesabu kura?"

"Wakahesabu. Mbele yangu."

Simu ikakwaruza. "Rudia hapo," Sultan akasema.

"Wakahesabu mbele yangu, kaka, wakasema sita, na zilikuwa sita."

Harith akamsikia anapumua, na nyuma yake jogoo, na mtu akiita mtoto. Kisha simu ikakatika, au ikawekwa chini.

Watu walipoondoka, Harith aliingia jikoni. Sheikha alikuwa akisugua sufuria.

"Unaipenda," Sheikha akasema bila kugeuka.

"Naipenda nini?"

"Hiyo kazi. Ulipopigiwa na ile redio nilikuwa nakuona. Ulisimama, mume wangu. Mtu anazungumza na simu amesimama wima, na mkono mmoja anaupungia ukuta. Hata pale Wete hukuwa hivyo."

Ni kweli Harith alisimama. Na aliposikia kwamba waandamanaji wamerudi nyumbani kwa ajili ya neno lake juu ya urefu wa kamba, kitu cha moto kilimpanda kifuani, na hakikuwa woga. Woga ulikuja sasa, pale jikoni. Aliwakumbuka watu kadhaa wa huko kwao waliopandwa na moto ule na haujawashuka mpaka leo.

"Wape watu kisiwa chao," Sheikha akasema, akampa taulo akaushe vyombo.

Kesho yake, Jumatatu, aliwaita Lila na Linus ukumbini kabla ya wacheza karate kufika. Aliwaweka kwenye viti viwili vinavyotazamana, naye akabaki amesimama na ufagio.

"Bwana Linus," akasema, "wewe usingekuwapo, ungemtaka nani?"

"Lila," Linus akasema. "Nani mwingine anaweza kuisoma bajeti akaimaliza?"

"Bi Lila?"

Lila akatazama viatu vyake. "Linus. Watu wanampenda. Mimi wananiheshimu tu."

"Sasa mnagombana nini?"

Wote wawili wakamtazama kama mtu aliyeuliza bahari iko wapi.

"Taa," wakasema.

Harith akafagia mahali palipokuwa safi. Alikuwa amefikiri njia nzima, ndani ya feri ya Woolwich na ndani ya treni.

"Bi Lila ataunda serikali," akasema. "Na Bwana Linus atakuwa waziri wa taa. Ufunguo wa lile sanduku la taa utakaa mfukoni mwake na hakuna mwingine atakayeushika. Akitaka kuiwasha ataiwasha. Akitaka kuizima ataizima, lakini kila itakapokuwa imezimwa, yeye mwenyewe atasimama pale njia panda kuwapisha watu."

Harith akadhani amemtukana Linus, waziri mzima kufanywa askari wa barabarani. Kisha akaona kidevu cha yule bwana mkubwa kinacheza.

"Nisimame pale pale sokoni?" Linus akauliza. "Kila siku?"

"Kila utakapoizima."

"Nitaizima kila siku," Linus akasema, uso wote umemfunguka kama wa mtoto aliyeambiwa leo hakuna skuli.

Lila akafikiri. "Taa itabaki imesimama? Haitang'olewa?"

"Itabaki imesimama."

"Basi shangazi ataridhika," Lila akasema. "Yeye anapenda kuiona tu."

Harith akampigia Gavana kwa simu ya ofisi ya ukumbi na kumtajia jina la Bi Lila. Kisha akampigia Mzee Alford, akajiuzulu. Mzee Alford akasema ni kiongozi wa kwanza wa chama aliyejiuzulu bila kusukumwa, na akamkumbusha kwamba Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao anahitajika kama kawaida, watimie saba. Linus akampa Lila mkono. Akamwita Mheshimiwa, kwa sauti ya kawaida, akauliza ndege yake inaondoka saa ngapi, maana wakichukua teksi moja hadi Gatwick itakuwa nafuu. Lila akasema hapendi dirisha likifunguliwa. Linus akasema anajua. Wakatoka na mabegi yao.

Ikawa imekwisha. Hapakuwa na gari la polisi nje, wala mtu aliyepigwa, wala mlango uliovunjwa alfajiri. Aliyeshindwa alikuwa anaelekea uwanja wa ndege na aliyeshinda, wakibishana juu ya dirisha. Harith akakaa kwenye kiti cha Linus, kilichokuwa bado na joto, ufagio magotini, akalia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hajawahi kulia tangu atoke Pemba, mpaka wacheza karate wakaingia na nguo zao nyeupe na kumkuta hapo. Hawakumuuliza kitu. Walijipanga ukutani kimya wakamsubiri amalize, na mwalimu wao akaanza kuvikusanya viti vingine taratibu, vile visivyokuwa karibu naye.

Nyumbani Sheikha alimfungulia mlango, akamtazama machoni.

"Umeacha?"

"Nimeacha. Lila ndiye mkubwa."

"Mimi ningempa Linus," Sheikha akasema. "Lakini mimi sikuulizwa." Kisha akashusha sauti. "Kuna mgeni. Amefika sasa hivi, ametoka Coventry kwa basi. Habari ya kuchaguliwa imemfikia, ya kuacha bado."

Sebuleni alikuwa amekaa mzee wa Kojani kule Pemba, koti lake kalikunja vizuri mapajani, amevaa kanzu mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Alipomwona Harith akainuka haraka, akarekebisha kofia yake ya viua, akatafuta maneno.

"Mheshimiwa," akasema, "sina shida yoyote. Nimekuja kukupa mkono tu."

Hayat, kwenye kochi, akafungua mdomo amwambie ukweli kwa Kiingereza. Mama yake akamkata jicho. Harith akautazama ule mkono ulionyooshwa, akaupokea kwa mikono yake miwili, na wakabaki wameshikana hivyo kwa kitambo, mzee akitabasamu na Harith akitafuta pa kuanzia.

"Kaa, mzee wangu," akasema hatimaye. "Kaa kwanza unywe chai."